Jibu kwa bibi wa Bukavu: imani ya kuwaachia wajukuu

Mama, unauliza utawaachiaje imani wajukuu walioko Goma, wanaosoma kwa Kifaransa na kukuona likizo tu. Anza na Zaburi 23. Ina mistari 6: tuma mmoja kwa juma, kwa sauti yako mwenyewe kwenye WhatsApp, dakika 2 zisizidi, maana ikirefuka hawamalizi. Simu huibwa, kwa hiyo nakili kila sauti kwenye kadi ya memori.

Weka na daftari: tarehe, ombi, siku lilipojibiwa. Yasiyojibiwa pia yaandike, hayo ndiyo watakayoyauliza wakikua. Tumia biki, wino wa maji huenea karatasi ikipata unyevu.

Wazazi wao uwaambie kwanza. Usiwatishe kwa jehanamu. Mjukuu aliyekimbia vita akishtuka-shtuka usiku, omba naye, lakini apelekwe pia kwa mwanasaikolojia.