Bado Analipa Ada

Swali lenu la wiki limenichoma: "Kwa nini vyama vingi vya wanafunzi hufa siku ya mahafali, na je, unakijua kimoja kilichodumu?" Sehemu ya kwanza naijibu kwa aibu, maana nilikuwa katibu wa kimojawapo. Ya pili nitaijibu kupitia mama mmoja wa miaka 88 ninayemlea huku Maryland, karibu na jiji la Washington.

Kazi yangu ni kulea wazee majumbani. Namwogesha, namkumbusha vidonge, nampeleka kliniki. Mama huyu alikuwa mwalimu, na mpaka leo nikikosea kukunja shuka ananirudisha. Wiki yangu ya pili kwake aliniagiza kitabu cha cheki na miwani. Mkono wake unatetemeka siku hizi, kwa hiyo cheki moja ilimchukua robo saa. Ya kwanza aliichana kwa sababu sahihi ilipanda juu ya mstari. Akaitia nyingine kwenye bahasha, akalamba gundi mwenyewe, akabandika stempu, akaitazama, kisha akaniambia imekaa upande. Ilibidi niibandue kwa mvuke wa birika. Nilidhani ni bima au kodi ya nyumba. Kumbe ni ada ya mwaka ya chama alichojiunga nacho akiwa mwanafunzi, miaka ya 1950.

Ada! Mimi ya chama chetu nililipa mara moja tu, mwaka wa kwanza, kwa sababu walikuwa wanagawa fulana.

Chama chenyewe ni Alpha Kappa Alpha, na tawi alikoingilia ndilo la kwanza kabisa, tawi la Alpha la Chuo Kikuu cha Howard, hapo hapo Washington. Wamarekani huviita vyama vya namna hii sororiti, yaani vyama vya udada, na hujipa majina ya herufi za Kigiriki. Howard, chuo cha watu weusi, kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vilivyozika utumwa Marekani. Mwaka 1908, Januari 15, wasichana tisa walikutana katika jengo la Miner Hall wakaunda chama chao. Aliyekuwa na wazo ni Ethel Hedgeman, binti kutoka St. Louis, ambaye mwalimu wake mmoja alikuwa amemsimulia maisha ya sororiti katika chuo cha Brown. Wanawake weusi walikuwa hawajawahi kuwa na chama cha aina hiyo. Wakajichagulia rangi, waridi na kijani, na mama yangu huyu ana sweta, mwavuli, hata kitambaa cha kufutia miwani cha rangi hizo. Sare ya arusi haijafika huko.

Lakini kilichonifanya nikiheshimu chama hiki ni ugomvi wake.

Ilipofika 1912, wanachama 22 waliokuwa bado chuoni walikiona chama kimepoa. Wakataka jina jipya, rangi mpya, nembo mpya, na waingie zaidi kwenye mambo ya nchi, hasa haki ya wanawake kupiga kura. Sasa akatokea Nellie Quander, aliyewahi kuwa mwenyekiti na akawa amekwisha kuhitimu, akasema hapana. Hebu fikiria ingekuwa kwetu! Aliyekwisha kuvaa joho akirudi kuwaambia waliobaki chuoni la kufanya, angeambiwa aende akatafute kazi. Yeye alijiona bado ni mwanachama, kwa hiyo akawasaka wenzake waliohitimu, na Januari 29, 1913 chama kikasajiliwa kisheria. Wale 22 walikuwa wameshaondoka. Januari 13 walianzisha chao, Delta Sigma Theta, na Machi 3 wakashiriki maandamano makubwa ya wanawake kudai kura katika barabara ya Pennsylvania. La kuchekesha ni kwamba Quander naye alikuwa amewaandikia waandaaji wa maandamano hayohayo, akitaka wanawake wa Howard wapangiwe mahali pa heshima wala wasibaguliwe kwa rangi yao. Waligombana nyumba nzima, kisha wakawania barabara moja.

Nilipomwuliza mama habari hii, alijibu kana kwamba ilitokea juzi: "Wale walikuwa na haraka." Jirani yake wa ng'ambo ya barabara ni Delta. Wanakunywa chai pamoja kila Alhamisi, na kila Alhamisi jirani huja na kitu chekundu mwilini, na mama yangu hunitaka nimvalishe kijani. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa. Vikundi vya lelemama vilishindana hivyohivyo kwa sare na nyimbo za mafumbo, na kila kimoja kilikaza kamba kwa kuwa mwenzake yupo. Wala tusivione vya kitoto: Bibi Titi Mohamed alipowaandikisha wanawake wa Dar es Salaam TANU mwaka 1955, alipitia vikundi vya ngoma.

Watu siku hizi wakisikia jina la chama hiki hurukia kwa Kamala Harris, aliyeingizwa tawi hilohilo la Alpha mwaka 1986 na kuapishwa kuwa makamu wa rais Januari 2021. Sawa. Mimi huona jambo kubwa zaidi liko Mississippi. Kuanzia 1935 hadi 1942, kila msimu wa joto, wanachama wa Alpha Kappa Alpha walikwenda huko kutibu watu weusi waliokuwa wakilima pamba kwenye mashamba ya wengine, wakiongozwa na daktari Dorothy Ferebee. Wenye mashamba waliwashuku na kuwazuia wafanyakazi wasitoke kwenda kliniki. Basi kliniki ikapakiwa kwenye magari ikawafuata shambani, watoto wakachanjwa ndui na dondakoo. Walioacha likizo zao kwa kazi hiyo walikuwa wameshahitimu na wana kazi zao. Hakuna aliyekuwa akitafuta cheti. Delta nao walifika hadi kwetu Afrika Mashariki: walichangia huduma za uzazi katika hospitali ya Thika, Kenya.

Sitaki kuwapamba. Vyama hivi huchagua nani aingie na nani abaki nje, na mlango wao ni mwembamba. Mateso ya kuwaingiza wapya yalifika pahali pabaya, na mwaka 1990 vyama vikuu vya weusi vilikubaliana kuufuta utaratibu ule wa zamani, ingawa kufuta kwenye karatasi ni jambo moja na usiku wa mabweni ni jingine. Mwaka 2013 mabinti wa wanachama waliokosa nafasi katika tawi la Alpha walifika mahakamani, wakidai urithi wa mama zao. Unyago wetu una makungwi wakali, lakini sijasikia mwari aliyekataliwa kwa sababu nafasi zimejaa. Nilimwambia mama hivyo. Alinyamaza, akaomba chai.

Februari iliyopita nilimwendesha hadi Baltimore kwenye mazishi. Barabara ilikuwa na barafu, nami nilikuwa nimenuna kidogo. Kanisani walisimama wanawake kama arobaini wenye magauni meupe na lulu shingoni, wengine na fimbo za kutembelea, wengine wasichana. Mama alitaka kusimama nao, nikamshika kiwiko. Kwenye kifua alikuwa na pini yenye lulu 20, hesabu ya waasisi wao: tisa wa kwanza, saba waliowafuata mwaka uleule, na wanne wanaohesabiwa kwa ajili ya ule usajili wa 1913. Tukiwa garini tunarudi nikamwuliza walikuwa marafiki tangu lini, yeye na marehemu.

"Simjui," akasema. "Ni sora." Ndivyo wanavyoitana.

Na chama chetu sisi? Tulikuwa na katiba, muhuri, akaunti benki, na mtunza hazina aliyekuwa na sauti nzuri ya kuomba michango. Baada ya mahafali hakuna aliyeuliza kitabu cha hesabu kiko wapi, mimi katibu nikiwa wa kwanza kutouliza. Mlezi wa chama hakuwahi kubadilishwa kwa sababu hakuna aliyejua kama bado yupo. Kilichobaki ni kundi la WhatsApp ambalo huamka mtu akifiwa, likatiririka "poleni sana" na "Mungu ampumzishe", kisha likalala.

Baada ya kusoma swali lenu niliandika humo: jamani, nani ana kitabu cha hesabu, na je, tunaweza kuanza tena kulipa ada, hata kidogo kidogo? Hiyo ilikuwa Jumanne. Tiki zote zimegeuka bluu. Mmoja ametuma viganja vilivyounganishwa, na mwingine ameuliza kama kuna msiba.