Barua kwa mwanangu: usiniulize nchi, niulize nani analipa

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, baba yako naye nimemsomea. Unauliza: masta ya kompyuta na mifumo ya habari, uombe Canada au Ujerumani? Swali la nchi nitaliacha kando kwanza, nikuulize langu. Nani analipa, analipa nini, na mpaka lini? Barua ya kukubaliwa isiyotaja pesa si barua ya masomo. Umelisikia hilo kinywani mwangu tangu mambo ya yaya yako, huyo mkubwa wako, na leo utalisikia tena.

Ujerumani unaisifia kwamba ni bure. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi minervali, yaani ada ya masomo, ni kweli, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini mwanafunzi asiye na mfadhili huonyesha euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa kabla ya kupewa viza, kisha anaachiwa 992 kila mwezi. Masomo ni bure, kula na kulala si bure. Mwenye burse (msaada wa masomo) ya DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, barua yake ndiyo dhamana. Faili likipitia uni-assist, ofisi inayopokea maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi vya kule, unalipa euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata katika muhula huohuo, kwa hiyo usitume maombi kumi kwa kubahatisha.

Erasmus Mundus, burse ya Umoja wa Ulaya, hutoa euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24, na minervali imeshalipwa. Ila tiketi na viza zinatoka humohumo ndani ya 1,400, na malipo ya kwanza mara nyingi huja ukishafika. Maana yake tiketi ya ndege ya kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, uwe nayo mkononi. Maombi mengi hufunguliwa Oktoba na kufungwa Januari, masomo yakianza Septemba.

Sasa Canada, na hapa najua hupendi niguse. Kitivo kimoja, jina moja la masta, njia mbili. Ukichukua njia ya tasnifu, profesa anakusimamia na mara nyingi anakulipa kutoka fedha za utafiti wake, na kiasi kinaandikwa kwenye barua. Ukichukua njia ya kozi tupu, kwa kawaida unajilipia. Yaya yako aliweka alama kwenye kisanduku cha pili bila mtu wa kumwambia tofauti. Mjomba wako akasoma ukurasa wa kwanza wa barua ya kukubaliwa kwa sauti mbele ya majirani wa Katuba, mbuzi akachinjwa, wimbo ukaimbwa. Ukurasa wa pili, mstari mmoja chini ya jedwali la ada: mwanafunzi atagharimia masomo yake yote. Hakuna aliyeugeuza ukurasa ule mpaka amana ikawa imetumwa, na amana hairudi. Watu walikuja kumuaga kijana ambaye hakusafiri. Mpaka leo nikiona bahasha yenye nembo ya chuo, naanzia nyuma.

Halafu najijibu mwenyewe: je, njia ya kozi ni mbaya? Si mbaya. Mtu anayelipiwa na mwajiri wake anamaliza mapema na kurudi kazini. Ubaya ni kuichagua ukidhani kuna burse ndani yake. Ukitaka ya tasnifu, mwandikie profesa kabla hujajaza fomu: aya mbili, mada yake moja uliyoisoma kweli, kazi yako moja, releve (karatasi ya alama zako) umeiambatisha. Barua ndefu hawazisomi. Na kwenye vyuo vya Québec vinavyofundisha kwa Kifaransa, Kifaransa chako kinatosha. Kwingine watadai mtihani wa Kiingereza kama IELTS, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili tu, basi usiufanye mapema mno.

Marekani hukuitaja, lakini wenzako wataitaja. Kule pesa ya masta mara nyingi ni kazi ya usaidizi, kufundisha au utafiti, hadi saa 20 kwa wiki. Inaweza kufuta minervali na kukuachia bima na ada ndogondogo. Uliza kama malipo ni ya miezi tisa au kumi na miwili, kwa sababu kodi ya nyumba haipumziki likizo. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, unailipa mwenyewe kabla hujapanda ndege kwenda Kinshasa kuomba viza.

Kuhusu faili lako, hapa nasema kama mtu aliyekaa kwenye dirisha la aparitora, ofisi ya usajili ya chuo. Kwetu Kongo mtu ana jina la familia, postnomu, yaani jina la pili, na prenomu, yaani jina la kupewa. Fomu zao zina nafasi mbili tu. Andika kama pasipoti ilivyoandika, herufi kwa herufi, kwenye fomu na kwenye mtihani, la sivyo mlangoni watakurudisha. Alama nazo zifafanue: kwetu asilimia 70 ni distinksioni, daraja la kusifiwa, kwao inaonekana ya wastani. Omba karatasi ya mizani ya alama na nafasi yako darasani, vyote kwa muhuri. Eleza pia kwamba lisansi yako ni ya mfumo wa zamani, gradua (shahada ya mwanzo) miaka 3, kisha lisansi miaka 2 juu yake, maana wakiona neno lisansi hudhani ni miaka mitatu tu. Na kwa kuwa ulisoma informatiki ya menejimenti, ambatisha maelezo ya kozi na saa zake. Masta ya mifumo ya habari itakupokea kwa urahisi zaidi, ile ya sayansi ya kompyuta itatafuta algorithimu na hisabati kwenye releve yako.

Maprofesa wako wengi wanatumia Gmail. Kwa barua za kukupendekeza, vyuo vingi vinataka anwani ya chuo, kwa hiyo waombe mapema wakafufue zile za chuo.

Katika barua ya nia usiandike kwamba ulipenda kompyuta tangu utotoni. Andika ile mizani ya malori ya pale Kolwezi uliyotusimulia mezani: mtandao ukikatika tiketi ya uzito inahifadhiwa kwenye mashine ya getini, ukirudi inatumwa upya, lori moja linahesabiwa mara mbili. Eleza ulivyoipa kila tiketi namba yake palepale getini ili seva iikatae ikija tena. Baba yako bado anawasimulia watu jambo hilo.

Canada au Ujerumani? Ulimi unaniwasha, na jibu ninalo. Nitalishika mpaka unitumie barua mbili zenye pesa, tuziweke pamoja. Barua isiyotaja pesa usinitumie.

Jumatatu napita aparitora kwa ajili ya karatasi ya mizani ya alama. Nitumie kabla ya hapo picha ya ukurasa wa pasipoti wenye majina, waandike vilevile.

Mama yako