Jibu: Anamaliza hesabu dakika 10, kisha anasumbua wenzake
Mwalimu, pole na kazi. Nimekuelewa: binti wa darasa la 5 hapo Ilemela anamaliza hesabu za sehemu mapema, nawe unamwongezea maswali 20 mengine. Tatizo ndilo hilo. Maswali zaidi ya aina ileile kwake ni adhabu. Kesho atafanya polepole makusudi.

Kabla ya kuanza mada, mpe maswali 5 magumu ya mwisho wa sura. Akipata 4, aruke mazoezi ya kawaida, ila lile alilokosa mfundishe. Muda uliobaki mpe swali moja zito: dagaa wabichi kilo 1 kutoka soko la samaki la Mwaloni wakikauka, inabaki sehemu gani ya uzito? Muuzaji auze bei gani asipate hasara, na mvua ikiharibu robo? Apime mwenyewe, aandike, atetee. Muulize "umejuaje?" na usahihishe hoja, si jibu tu.

Tafadhali usimgeuze msaidizi wako kila siku. Naye amekuja kujifunza.

Ukiona anajieleza vizuri kwa mdomo lakini kuandika kunamshinda, mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri. Kipaji huweza kuficha ugumu wa kusoma, na kinyume chake.