Biti Haimngoji Mtu

Wadogo zangu mnaoandaa maigizo ya muziki shuleni bila bendi, nawapenda, lakini mnanitia presha. Kila mwaka naona kitufe cha biti, yaani muziki uliorekodiwa wa kuimbia, kikikabidhiwa mtoto "asiye na kazi", tena kwenye mazoezi ya mwisho. Jamani, mpaka lini?

1. Anayebonyeza ndiye kondakta wenu, yaani mwongoza muziki. Awe na skripti mkononi tangu mazoezi ya mwanzo, ajue nani huchelewa kuvuta pumzi na nani hupaparika.

2. Kateni biti penye mazungumzo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Wimbo wetu ulikuwa na nafasi katikati: baba na binti wanagombana, muziki uko chini chini, kisha binti anaingia na ubeti wa pili. Biti yote faili moja. Mazoezini ugomvi ulienea pale sawasawa, nami nikajiona fundi. Usiku wa onyesho baba katamka mstari wake, ukumbi ukaangua kicheko tusichokitarajia. Binti akafanya nilichomfundisha mwenyewe: akangoja watu watulie. Biti ikaendelea na safari yake. Alipoanza ubeti, muziki ulishafika kwenye kibwagizo. Kwaya ikafuata muziki, yeye akang'ang'ania ubeti, na mimi kwa kiherehere nikasimamisha biti. Kimya kile! Mtoto mdomo wazi, ananitazama, na ukumbi mzima ukageuka kumwona anayetazamwa. Ningeiacha tu wangekutana kwenye kibwagizo kinachofuata, na wazazi wengi wasingejua kitu. Siku hizi wimbo wa namna hiyo naugawa vipande vitatu. Cha katikati kinajirudia chini ya mazungumzo hata wakigombana hadi asubuhi, na cha mwisho kinaingia kwa neno tulilokubaliana.

3. Wekeni monita jukwaani, yaani spika zinazowaelekea waimbaji. Spika za mbele zinawaimbia watazamaji, si waimbaji. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta wa nyuma ulio mita 17 kutoka kwenye spika na waimbaji unawarudishia mdundo uliochelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Halafu mnawagombeza eti wanaburuza! Ila monita zisielekee maiki, zitapiga mluzi.

4. Tumieni waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na ina tabia ya kukatika pale pale kwenye wimbo wa mapenzi. Zimeni arifa na intaneti, kompyuta isiruhusiwe kulala, na ya akiba iwe imeshafunguliwa na biti zote.

5. Kii, yaani kimo cha sauti ya wimbo, pangeni mapema. Biti nyingi zimerekodiwa kwa sauti za watu wazima. Programu hushusha nusu toni mbili tatu bila kugusa kasi. Mkizidisha, vinanda vinaanza kulia kama vya plastiki.

6. Kibali cha kuigiza si lazima kibebe na ruhusa ya kutumia biti. Ulizeni kabla hamjachapa tiketi, na ile ya karaoke mliyoipakua intaneti msinionyeshe.