Barua kwa mwanangu: Peleka chumba masta Brighton

Mwanangu,

Marahaba. Huku Arusha wazima, mvua tu ndiyo imetukalia kooni. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umekubaliwa kutoa mada BrightonSEO, lile kongamano la mji wa Brighton la watu wanaofanya tovuti zionekane juu kwenye Google, dakika 20, na wenzako ofisini wanakushauri uchukue mada iliyozoeleka, maana nani huko Uingereza atajali Waswahili wanatafutaje vitu Google? Unaniuliza: uende na Kiswahili chako, au ukiache usionekane mshamba?

Nenda nacho. Lakini kwanza nikupe aibu yangu, ambayo hata mama yako haijui yote.

Unakumbuka nilipokuwa nauza safari za kupanda Kilimanjaro. Mwaka 2011 kijana mmoja alinishawishi ninunue linki mia kadhaa za kuelekea tovuti yangu, ziwekwe kwenye tovuti za watu nisiowajua, nyingine za kamari, ili Google idhani nasifiwa na wengi. Baada ya miezi michache nikawa ukurasa wa kwanza wa Google, nikavimba kichwa. Aprili 2012 Google wakaleta mabadiliko waliyoyaita Penguin, ya kuwanasa watu wa michezo hiyo, nami nikanaswa. Simu zikanyamaza. Nikawa nakesha nawaandikia wenye tovuti mmoja mmoja waziondoe, na wengine wakanidai pesa ya kuziondoa linki zilezile nilizolipia ziwekwe!

Miaka miwili baadaye nikaalikwa kuzungumza kwenye kongamano Nairobi. Unadhani niliyasema hayo? Wapi! Nilibeba slaidi 48 za takwimu za watu wengine, maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa, nikawa nazisoma. Safu ya mbele mzee mmoja alilala kabisa, mdomo wazi. Mwishoni dada mmoja akanyoosha mkono: "Kaka, wewe mwenyewe mwezi uliopita Google imekuletea wageni wangapi?" Sikuwa na jibu. Jasho likanitoka, nikajikuta nasimulia habari ya linki. Yule mzee akaamka, akaomba karatasi aandike.

Kilichonifaa zaidi kilikuja kwenye foleni ya chai. Jamaa wa Mombasa mwenye hoteli, sambusa mkono mmoja, alifungua kompyuta yake katikati ya vikombe akanionyesha zana ya bure ya Google, siku hizi wanaiita Search Console, inayoorodhesha maneno watu waliyoandika hadi wakakufikia. Niliporudi nikafungua yangu. Mimi miaka yote napigania "kampuni bora ya safari", kumbe wageni wanauliza kileleni kuna baridi kiasi gani mwezi wa nane. Nikaandika ukurasa mmoja tu wa nguo za kubeba kwenda mita 5,895. Ada yako ya mwaka wa kwanza chuo ilitoka hapo.

Sasa wewe ulinisimulia kwenye simu ile kazi yako ya nyumba za Dar. Huyu anaandika "nyumba ya kupanga", yule "nyumba inapangishwa", wanataka kitu kimoja, na kupanga huko huko ndiko kupanga uzazi na kupanga safari. Halafu kuna "chumba masta Sinza". Mwingereza akisikia masta anaona chumba kikubwa cha wenye nyumba. Dalali wa Sinza anajua ni chumba kimoja chenye choo ndani, basi. Weka maneno hayo matatu peke yake kwenye slaidi, waache wabahatishe, unywe maji. Nani mwingine ukumbini atakuwa na kitu hicho? Akili mnemba itazungumzwa na kila mtu mpaka wachoke.

Na huo ukumbi wa Brighton Centre usikutishe. Kongamano lenyewe lilianza mwaka 2010 kwenye chumba cha ghorofani juu ya baa. Hata lile la kwanza la wataalamu wa injini za utafutaji, San Francisco mwaka 1999, Google ikiwa na umri wa mwaka mmoja, watu walikwenda kuambizana wamejaribu nini na kimewatokea nini. Hawakuwa na vitabu vya kunakili. (Bora mimi ningekosa pia.)

Kiingereza chako kinatosha, usikikaze puani. Slaidi ziweke kwenye flashi na kwenye barua pepe. Mimi niliwahi kusubiri dakika saba natafutiwa waya wa projekta. Namba za mteja usizionyeshe kabla hajakuruhusu kwa maandishi. Ukimaliza kuzungumza usijifungie hotelini kupumzika, nenda kwenye chai.

Mama yako anasema uvae kile kitenge cha bluu. Mimi nasema sawa, ila weka sweta juu: ufuko wa huko ni kokoto tupu na upepo wa bahari yao si huu wetu wa Tanga. Nitumie hizo slaidi kabla, nione maandishi yake kama nayasoma bila miwani.

Baba yako