Mtoto wangu amelala kasho (mahabusu) kwa kutembea usiku: je, nilipaswa kulipa?

SWALI: Maître, nakuandikia kutoka Lubumbashi. Mwezi uliopita shefu wa kartie yetu alipitisha kijana na megafoni: mtoto wa chini ya miaka 18 asionekane njiani baada ya saa mbili usiku, na atakayeonekana mzazi wake atalipa amande, yaani faini. Wiki jana mwanangu wa miaka 15 alitoka kwa mjomba wake, avenyu ya tatu kutoka kwetu. Alikwenda kusoma huko kwa sababu kwetu umeme ulikuwa umekatika. Saa tatu kasoro akakamatwa, akalazwa kasho pamoja na watu wazima mpaka asubuhi. Nilipofika niliambiwa: franka 50 000, ama na wewe mama ingia. Nililipa, sikupewa karatasi yoyote. Nauliza: shefu ana haki ya kuweka sheria kama hiyo? Na mimi naweza kufungwa kwa ajili ya mtoto? Dada yangu aliye Marekani anasema kwao ni jambo la kawaida.

JIBU: Mama, pole sana na usiku ule. Nianze na swali lako la pili, maana ndilo lililofungua mkoba wako.

Hapana. Huwezi kufungwa kwa sababu mwanao alikuwa njiani. Katiba yetu ya Kongo (RDC) ya 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe: hakuna anayeshtakiwa, anayekamatwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kifungu hichohicho kinasema mtu hakamatwi ila kwa nguvu ya sheria na kwa namna sheria ilivyopanga. Kwa hiyo aliyekuambia "lipa ama ingia" hakuwa anatoza faini. Alikuwa ameshika mtoto rehani.

Lakini usifunge ukurasa hapo, mama, kwa sababu kuna deni jingine ambalo wazazi wengi wa hapa hawalijui, nalo ni la kweli. Sheria yetu ya madeni na mapatano, ile ya zamani ya 1888 tunayoiita Kitabu cha Tatu cha Kodi ya Kiraia (kodi hapa ni "code", mkusanyo wa sheria, si ushuru), kifungu cha 260, inamfanya mzazi awajibike kwa hasara iliyosababishwa na mtoto wake mdogo anayekaa naye. Mwanao akirusha jiwe akavunja kioo cha taksi, au akampasua mwenzake kichwa, mwenye taksi au mzazi wa aliyeumia anaweza kukudai wewe. Maandishi yenyewe yanamtaja baba, na mama baada ya kifo cha mume; ndivyo Wabelgiji walivyoona familia wakati ule. Kodi ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawatazama baba na mama kama wenye mamlaka pamoja juu ya mtoto, kwa hiyo usijifiche nyuma ya neno "baba".

Kifungu hicho kimeacha mlango mmoja: mzazi anaachiliwa akionyesha kwamba hakuweza kuzuia tendo hilo. Na ndipo saa ya usiku inapoingia mahakamani, hata pasipo megafoni ya shefu. Jaji atauliza maswali ya mzazi mwenzako. Mtoto alikuwa wapi? Nani alijua? Ulimtuma wewe? Mlikubaliana arudi saa ngapi? Mama aliyemruhusu mtoto wa miaka 15 kwenda kusoma kwa mjomba anayejulikana, njia inayojulikana, ana cha kujibu. Mzazi ambaye mtoto wake wa miaka 12 ameokotwa usiku wa manane mlangoni pa nganda (baa), naye hakujua kama amelala nyumbani au la, atapata shida mbele ya jaji, hata akilia. Nimesimama upande wa wazazi wa namna hiyo zaidi ya mara moja. Kinachowaangusha mara nyingi si saa yenyewe, ni lile jibu la "sikujua".

Angalia tofauti lakini: pesa za kifungu cha 260 zinakwenda kwa aliyeumizwa, baada ya kuonyesha hasara yake. Haziendi mfukoni mwa polisi. Mwanao hakuvunja kitu cha mtu. Kwa hiyo hakuna wa kulipwa.

Sasa shefu. Kifungu cha 3 cha Katiba kinataja maeneo yenye mamlaka yake: mji, komini, sekta na uchifu. Kartie haimo. Shefu wa kartie ni mkono wa burgumestre, mkuu wa komini; anapeleka habari na kutekeleza alichoagizwa, hatungi makosa wala adhabu. Uhuru wa kutembea umewekwa katika kifungu cha 30, na mipaka yake ni ile iliyowekwa na sheria. Burgumestre na meya wana kazi ya kulinda utulivu, sikatai, na wanaweza kuchukua hatua kwa maandishi. Maandishi hayo yana namba, tarehe, sahihi na sababu, na mtu anaweza kuyapinga. Megafoni haina namba.

Wengi wananijibu: mbona wakati wa Corona tulifungiwa ndani? Kweli, kuanzia 18 Desemba 2020 tulizuiwa kutoka tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja asubuhi. Ila amri ile ilitoka Kinshasa, ilihusu nchi nzima, wakubwa kwa wadogo, na sababu yake ilijulikana. Haikuanzia kwenye kona ya avenyu.

Na dada yako hasemi uongo. Miji mingi ya Marekani ina saa za watoto. Chicago mwaka 2022 ilisogeza yake hadi saa nne usiku kwa wote wa chini ya miaka 18. Ila huko kanuni inapitishwa na baraza la mji na inaandikwa pamoja na ruhusa zake: mtoto aliye na mzazi, anayetoka kazini, anayetoka kwenye shughuli ya dini. Na si wote wanaoipenda: jimbo la Texas mwaka 2023 lilikataza miji yake kuweka saa hizo. Kwa sisi wanasheria wa hapa, tuliolelewa na vitabu vya Wabelgiji na Wafaransa, mfano ulio karibu ni Béziers, Ufaransa. Meya wake mwaka 2014 aliwazuia watoto wa chini ya miaka 13 kutembea peke yao usiku, kuanzia saa tano. Mahakama kuu ya utawala ya nchi hiyo iliifuta amri hiyo 6 Juni 2018, kwa sababu meya hakuleta ushahidi wa kutosha kwamba watoto wa umri huo ndio wanaoleta hatari pale. Meya mzima, na amri iliyoandikwa! Hukumu ya kule haimfungi jaji wa Lubumbashi, lakini inamfundisha swali la kuuliza.

Kuhusu usiku wa kasho, hapo ndipo ninapokasirika. Sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inampeleka mwenye miaka 14 hadi 18 mbele ya tribinali ya watoto, na Lubumbashi tunayo, pale anapofanya tendo ambalo kwa mtu mzima lingekuwa kosa. Kutembea na daftari si kosa kwa mtu mzima. Wa chini ya miaka 14 hahesabiwi kabisa kuwa na hatia ya jinai. Na yule mtoto anayezurura kweli, aliyetupwa au aliyekimbia kwao, sheria hiyo inamwita mtoto aliye katika hali ngumu: anatafutiwa ulinzi, anaonwa na asistanti sosiali, anatafutiwa familia. Hata hao watoto wa barabarani tunaowaita bashege hawakuandikiwa kasho. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unataka mtoto aliyezuiwa atengwe na watu wazima. Na kifungu cha 18 cha Katiba kinampa kila aliyezuiwa haki ya kuwasiliana na familia yake papo hapo. Wewe ulijua saa ngapi, mama? Asubuhi. Hilo nalo liandike.

Amande pia. Mwenendo wa jinai unamruhusu OPJ (ofisa wa polisi wa upelelezi) kumpendekezea aliyefanya kosa dogo alipe ili kesi iishie hapo. Ni pendekezo, mtu anaweza kulikataa, na akilipa anapewa risiti. Kwako hapakuwa na kosa, hapakuwa na pendekezo, hapakuwa na risiti. Basi usiziite amande: ni pesa ulizonyang'anywa.

La kufanya: andika leo, kabla kichwa hakijachoka, siku, saa, mahali, na nani alikuwepo ulipotoa zile franka. Mjomba naye aandike mtoto aliondoka kwake saa ngapi. Chukua cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, usiogope, panapo shaka juu ya umri sheria inamhesabu kuwa mtoto. Kama mtoto aliguswa vibaya mle ndani, mpeleke kwa daktari kwanza, hata kama anasema "hakuna kitu". Vijana wa kiume wanasema hivyo hata wakiwa wamevunjika. Halafu barua mbili, moja kwa burgumestre na moja kwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na kwenye nakala zako waweke muhuri wa kupokea. Nenda na wazazi wengine, mmoja peke yake anazungushwa. Siwezi kukuahidi kwamba zile 50 000 zitarudi.

Naelewa shefu anaogopa nini. Usiku watu wananyang'anywa simu, milango inavunjwa, na baadhi ya wanaofanya hivyo ni wadogo. Avenyu moja ninayoijua wazazi walikaa chini wakakubaliana hivi: mtoto akikutwa nje saa mbovu, mtu mzima wa kwanza anamsindikiza hadi mlangoni kwao na kumwita mzazi kwa jina, basi. Hakuna pesa, hakuna kasho. Wewe nyumbani kwako unaweza kuweka saa mbili, au saa moja ukitaka. Hiyo ni haki yako, nami nakuunga mkono. Na akienda kwa mjomba, abebe karatasi ya shule na namba yako ya simu.

Ukifika kwa burgumestre, usianze na pesa zako. Mwombe kwanza akuonyeshe ile amri iliyosainiwa.