Re: Lori limerudi toka Goma, kioo kina mikwaruzo na injini haina nguvu

Salaam ndugu. Hiyo mikwaruzo ya kioo na kukosa nguvu mlimani naona chanzo ni kimoja. Ni majivu ya Nyiragongo, ile volkano ya karibu na Goma. Si yale ya jikoni bana, ni mawe na chembe za kioo zilizosagika, kwenye maji hayayeyuki, dereva akiwasha waipa kavu ni msasa huo. Anza na filta ya hewa, ukiona kijivu kimejaa kwenye mikunjo usiipulize na kompresa ukairudisha, weka mpya, na oili umwage. Kioo mwagia maji mengi kwanza, kitambaa baadaye. Sisi huku Miritini kebini hatufagii kavu, twanyunyiza maji kidogo, na taniboi avae maski, mapafu hayana spea.